Kibao Kinasema Rahisi

Kibao cha kijani kinasema: Rahisi.
Kilomita tatu. Dakika hamsini. Mfunge mbwa wako.
Nimekisoma mara mbili, miwani juu, miwani chini,
goti langu la chuma likiwa na miezi minne tu duniani,
nikawaza: rahisi kwa nani, enyi waungwana wa halmashauri?

Attracta hakusoma. Dada yangu hajawahi kusoma kibao.
Amekwisha kuvuka ngazi ya ukuta wa mawe,
koti lake la mvua likisema shwa, shwa,
na mimi nyuma, kama tulivyokuwa tukienda shule.
Mpango ni wa Fiachra, mtoto wa kaka yetu,
aliyetushusha garini akaondoka,
akaahidi kutungoja upande wa pili wa ziwa.

Pwani kwanza. Njia nyembamba kama mkanda,
bahari ya Sligo kushoto, kijivu, inaosha miamba isiyotakata;
kulia kondoo wenye alama ya buluu mgongoni
wanatutazama kama mashahidi waliokwisha kuapa.
Njia hii haibebi watu wawili. Nashukuru.
Miaka kumi na moja hatujasemezana
ila mazishini: "pole", na "chai iko wapi".

Ni shamba. Nini kingine?
Ekari tisa za baba, nusu yake kinamasi.
Yeye kamuuzia mtu wa Dublin mwenye ndoto ya mahema ya watalii,
nami nikapata habari dukani, mkate mkononi.
Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.
Letu lilining'inia ghalani mpaka likaliwa na kutu,
na mahema hayakuja kamwe. Ilikuja mitete.

Kisha msitu. Harufu ya mvua ya jana.
Mialoni mifupi iliyopindwa na upepo,
kuvumwani juu ya kila kitu, hata juu ya kimya chetu.
Goti linalalamika kama mlango wa kanisa.
Mzizi umechomoza njiani kama kiwiko;
Attracta anauvuka, haneni neno,
ila anaugonga kwa fimbo, ko, ko,
bila kugeuka.
Ndivyo mama alivyogonga kioo cha dirisha
asubuhi za barafu, tusije tukaanguka uani.
Nauona mzizi. Nauvuka.
Mbele, tope: ko, ko, kwenye jiwe la kukanyaga.
Mbele, tawi: ko, ko.
Nahesabu. Mara saba kabla ya daraja dogo.

Halafu ziwa, na hapa halmashauri wametuchezea:
wametandika njia ya mbao, imenyooka,
na waya wa banda la kuku juu yake ili mtu asiteleze,
pana, ya kutosha watu wawili na kigari cha mtoto.
Hakuna tena nyuma. Hakuna mbele.
Attracta anasimama, anajifanya kumtazama korongo
aliyetulia kwa mguu mmoja katika maji ya rangi ya chai.
Namfikia. Bega kwa bega, tunahema,
vikongwe wawili wenye pua ya baba.

"Goti," anasema.
"La chuma," nasema.
"Nalisikia likilia tangu kule kwa kondoo."
"Na koti lako je?"

Korongo anaruka, mzito, bila haraka,
kama mwavuli ulioamua wenyewe kufunguka.
Hatulitaji shamba. Leo hatutalitaja.
Anafungua chupa ya chai. Kikombe ni kimoja, kifuniko;
anakunywa yeye kwanza, kama siku zote,
anaugeuza ukingo alionywea, ananipa.

Imebaki kama kilomita moja.
Kibao cha upande huu kimeanguka kifudifudi nyasini
na hakuna aliyeinama kukiinua,
mimi kwa goti, yeye kwa tabia.